Tatizo halikuwa mabeki peke yao

Jana usiku nimeirudia ile mechi ya Mei 2024 tuliyopigwa 4-0 na Crystal Palace. Msimu ule Manchester United tulifungwa mabao 58 kwenye ligi, na pale kijiweni lawama zote zilikuwa za mabeki. Hata mimi niliwasema sana.

Safari hii sikuufuata mpira. Nilikodolea macho nafasi kati ya viungo na mabeki. Jamani! Bao la kwanza, Olise wa Palace anampita Casemiro wetu huku juu, na mbele yake njia nyeupe mpaka kwenye boksi. Casemiro mwenyewe ni kiungo, alichezeshwa beki wa kati kwa sababu wenye namba yao walikuwa majeruhi. Akitoka kukaba, hakuna wa kumfunika nyuma.

Wiki iliyofuata Arsenal walitufunga 1-0 tu. Ukisoma matokeo utasema ukuta ulitulia. Lakini tazama bao la Trossard: Casemiro anachelewa kupanda na wenzake, kwa hiyo Havertz wa Arsenal anasalimika na kuotea, krosi, goli. Hatua chache tu za uvivu, nimezirudia mara nne.