Mitumbwi miwili palipo na mmoja: nilivyotibiwa uvimbe wa kitako cha fuvu

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na kila alfajiri huwa ufukweni kungoja mitumbwi inayotoka visiwani. Asubuhi moja niliona mtumbwi mmoja ukiingia ukiwa miwili, ubavu kwa ubavu, ingawa noti nilizokuwa nazihesabu mkononi zilikuwa sawasawa. Kwa kuwa vitu vya karibu sikuvikosea, nilipewa miwani, kisha miwani nyingine, na miezi minne ikapita huku kichwa kikiniuma nyuma ya macho.

Aliyenifungulia njia ni daktari kijana wa macho ambaye hakuanza na herufi za ukutani. Aliniambia, "Mama, fumba jicho la kulia, halafu uniambie taa ile ya nje ni ngapi." Ilikuwa moja. Nikafumba la kushoto, ikabaki moja. Nilipoyafumbua yote, zikawa mbili. Akanitaka niifuate kalamu yake bila kugeuza kichwa, na jicho la kushoto likakwama katikati, likashindwa kwenda upande wa sikio. Alinieleza kwamba jicho lenyewe lilikuwa zima, ila mshipa wa sita wa fahamu, ambao hutoka kwenye shina la ubongo na kupanda ukiambaa na mfupa wa kitako cha fuvu, huenda ulikuwa umebanwa na kitu. Mpaka leo namwombea dua kwa kutoniandikia miwani ya tatu.

CT-skani niliyopigwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ilionyesha mfupa ulioliwa, na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ikaonyesha uvimbe uliong'aa nyuma kabisa ya pua, ukiliegemea shina la ubongo. Niliambiwa ni ama kodoma, inayoota kutokana na mabaki ya uti wa awali wa mtoto tumboni na kumpata takribani mtu mmoja katika milioni kwa mwaka, ama kondrosakoma, inayotokana na gegedu. Kwenye picha, aina hizi mbili za uvimbe hufanana mno, na ni kinyama kilichokatwa ndicho kinachozitenganisha: maabara hukitia rangi ya kutafuta protini iitwayo brakyuri, ambayo kodoma huwa nayo na kondrosakoma haina. Niliuliza kama tofauti hiyo ina maana yoyote kwangu, nikajibiwa kuwa ina maana kubwa, kwa sababu kodoma ina tabia ya kurudi. Majibu yangu yalikuwa kodoma.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam kupitia tundu za pua, kwa kamera nyembamba, bila kufungua fuvu. Nilikatazwa kupenga kamasi na kunyanyua mzigo, nikaagizwa kutoa taarifa nikionja chumvi. Siku ya tano, nilipoinama kutafuta kandambili chini ya kitanda, maji maangavu yalinitiririka puani, nami nikayaonja yana chumvi. Nilimwita muuguzi papo hapo. Yalikuwa maji ya ubongo yanayovuja, na tundu likazibwa siku iliyofuata kwa mafuta yaliyotolewa pajani mwangu; ningenyamaza, vijidudu vya pua vingeweza kupanda na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kipande kilichong'ang'ania karibu na shina la ubongo hakikutolewa. Kodoma huhitaji mionzi mingi, zaidi ya grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi), kiasi ambacho shina la ubongo haliwezi kukistahimili, ndiyo maana nilishauriwa mionzi ya protoni, yaani ya chembe ndogo mno, ambayo hutua kwenye uvimbe na kukomea hapo. Mashine hiyo haikuwapo nchini. Chennai, India, ipo tangu 2019. Ndugu walichanga, nami nikauza hisa yangu katika mtumbwi, nikakaa huko wiki tisa, nikipigwa mionzi siku tano kwa wiki huku uso umefunikwa kwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yangu.

Sasa napigwa MRI kila baada ya miezi sita, na homoni zangu hupimwa kila mwaka kwa kuwa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotawala homoni, ilikuwa jirani na mionzi. Picha zote, tangu ile ya kwanza, naziweka katika bahasha moja, maana daktari hulinganisha ya leo na ya zamani zaidi. Jicho limerudi kwa sehemu kubwa. Nikiutazama mtumbwi ulio upande wa kushoto bado huwa miwili, hivyo hugeuza kichwa chote, na unakuwa mmoja.