Ukuta Unaoning'inia

Mlango wa jikoni kwa dada ndio uliotuumbua. Ilikuwa Mei 2014, Aurora, Colorado, Marekani, theluji imeyeyuka na mvua haikatiki. "Kaka, njoo uufunge wewe, mimi umenishinda." Nikausukuma kwa bega. Ukakwama juu, na kwenye kona ya fremu nikaona ufa.

Nilijua kosa kabla sijashuka ngazi. Januari mimi na shemeji tuliigawa besimenti yake, ile sehemu ya chini ya nyumba iliyo ndani ya ardhi, vyumba viwili. Mbao za kusimama tulizibana kikiki kati ya sakafu ya zege na boriti za juu, na nikajisifu kwamba ukuta huo hata ng'ombe akiuegemea hautikisiki. Sasa nikaweka pima maji sakafuni. Kiputo kikakimbilia pembeni. Zege lilikuwa limevimba katikati, likainua ukuta, ukuta ukainua boriti, na boriti ndizo zilizokuwa zikisukuma jikoni.

Aibu ilinipata, maana mimi ni mtu wa Shinyanga. Udongo wa mbuga naujua tangu utoto: kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unazama, masika unavimba. Huku kuna bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ikinywa maji tabia ni ile ile. Niliona zege nikasahau kilicho chini yake.

Kubomoa kulituchosha kuliko kujenga. Mbao ya kwanza ilibana msumeno katikati ya mkato, ukagoma kutoka. Tulipokata ya mwisho boriti zikalia "kwaa", na dada akapiga kelele juu: mlango umefunga.

Seremala mmoja mzee wa pale ndiye aliyetuelekeza. Mbao ya kulala, ile iliyotiwa dawa, tuliifunga sakafuni. Ukuta wenyewe tukauning'iniza kwenye boriti, ukaishia hewani, inchi 1.5 juu ya mbao hiyo. Misumari mirefu ikapita katika matundu yenye nafasi, ikazama mbao ya sakafuni: ukuta hauyumbi, sakafu ipande ishuke itakavyo. Skatingi, ubao wa kuficha pengo hilo, hupigiliwa mbao ya sakafuni tu. Shemeji alijisahau akapiga msumari mmoja juu, kwenye ukuta. Niliung'oa usiku, amelala.

"Mbona umening'inizwa kama pazia?" dada aliuliza.

Stoo hatukuweka skatingi. Mei iliyofuata nilipiga magoti pale na futi yangu: pengo limebaki inchi 1 na robo. Nikaandika kwa penseli ubaoni, na tarehe.