Nilivyomtafuta jirani aitwaye NÅGON

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa mashine ya kukaushia nguo, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu na kalamu ya wino mzito:

I GÅR GLÖMDE NÅGON TÖMMA LUDDFILTRET IGEN!!!

Nilikuwa na miezi mitano Göteborg, Uswidi. Nilikuwa nasoma SFI, yale masomo ya bure ya Kiswidi ambayo manispaa huwapa wageni, ngazi ya B. Nilikuwa nimeshuka na kapu la nguo kwenye tvättstuga, chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo, ambacho wapangaji wote tunakitumia kwa zamu. Zamu unaiweka mwenyewe kwa kufuli lako dogo kwenye ubao ukutani, na ukipitiliza hata dakika kumi utajua kwamba Waswidi nao hukasirika. Hawapigi kelele. Wanaandika karatasi.

Alama tatu za mshangao hazihitaji kamusi. Na jana yake aliyefua jioni ni mimi.

Nilisimama pale nikasoma nilichokiweza. I går, jana. Igen, tena. Glömde nilikuwa nimelisikia darasani, alisahau. Basi nikaunganisha: “Jana alisahau Någon…” Nikashusha pumzi. Kumbe mkosaji ana jina lake! Kwetu Tanga mtu husema “jana kasahau Asha kufunga geti” na hakuna anayeshangaa jina kuja nyuma ya kitendo, kwa hiyo sikuona tatizo. Nilipanda hadi mlango mkuu, penye orodha ya majina ya wapangaji, nikamtafuta huyo Någon ghorofa kwa ghorofa. Hakuwepo. Nikafikiri labda kapanga chumba kwa mtu.

Kesho yake nilimweleza mwalimu kuhusu jirani yangu Någon. Alicheka mpaka akavua miwani. “Någon” si jina. Ni mtu fulani, mtu yeyote asiyetajwa. Karatasi ilikuwa inasema: jana kuna mtu amesahau tena kusafisha chujio la nyuzinyuzi za nguo. Mtu huyo, kwa hesabu zote, ni mimi, ambaye hata sikujua kuwa mashine ina chujio.

Kwa aibu ile nikaacha kukariri orodha za maneno. Tulikuwa tunapewa ishirini kwa wiki, matunda, mavazi, samani, nami nilikuwa nayameza Jumatatu na kuyatapika Ijumaa. Nikaiandika ile sentensi ya maneno saba kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji, nikaapa sitaitoa mpaka niielewe yote.

Nilianza na sauti, maana Kiswahili kimetuzoesha vibaya: tunasoma kilichoandikwa. Humo mna herufi g nne. Ya “går” na ya “glömde” ni ngumu kama ya “gari”. Ya “igen” inageuka kuwa y, unasema “iyen”, kwa sababu imefuatwa na e. Ya “någon” watu wengi wanaimeza kabisa, unasikia “non” tu. Nayo å ambayo macho yangu yalikuwa yanaiona kama a yenye kofia, ni o. Kwa hiyo neno nililolitafuta kwenye orodha ya majina nilikuwa nalisikia kila siku dukani na kwenye tramu, bila kujua ni lilelile.

Kisha mpangilio. Mwalimu alikuwa amesema mara mia kwamba kitendo hukaa nafasi ya pili, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa na kuendelea kusema “I går jag glömde”. Friji ndiyo iliyonifundisha. I går imeshakalia kiti cha kwanza, basi glömde lazima iwe ya pili, na mtendaji asogee nyuma. Ukimtanguliza mtendaji, jana inakwenda mwisho: Någon glömde tömma luddfiltret i går. Ukitaka kuuliza, kitendo kinaruka mbele: Glömde någon tömma luddfiltret? Sisi swali tunalifanya kwa sauti tu, “Mtu kasahau?”, wao wanahamisha samani.

Kilichonisumbua zaidi ni kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Kitendo cha Kiswidi hakimbebi mtendaji. Jag glömde, du glömde, vi glömde, awe mimi, wewe au sisi, glömde ni ileile. Sisi ukisema “nilisahau” umeshajitaja, ni- iko mlangoni. Ndiyo maana nilikuwa naandika sentensi zisizo na mwenyewe na mwalimu anazungushia duara jekundu. Hata mvua haiwezi kunyesha bila mtu wa kusimamia: det regnar, na hiyo det haimaanishi kitu chochote, imewekwa tu kiti kisikae kitupu.

Wakati nao umehamia mkiani. Li yetu iko katikati, a-li-sahau; yao ni -de mwishoni. Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko Kiingereza nilichosoma shule, kwa sababu nilipofika kwenye har glömt niliiona ni -me- yetu: nimesahau, na jambo bado liko mkononi. Ila Waswidi ni wakali. Ukishataja i går, har haikubaliki. Ile “jana kuna mtu amesahau” niliyoiandika hapo juu bila kufikiri, kwao ni kosa.

Kwenye tömma ndipo nilipofurahi kweli. Nililikuta likitokana na tom, yaani tupu. Kukifanya kitu kiwe tom ni kukitömma. Nikapata varm, yenye joto, na värma, kupasha joto. Full, iliyojaa, na fylla, kujaza. Irabu inageuka ndani ya neno, na maana inakuwa ya kusababisha. Sisi tuna kauka na kausha, jaa na jaza. Tunachezea mwisho wa neno, wao wanachezea tumbo. Tangu siku hiyo, nikikutana na kitendo chenye ä, ö au y, kwanza natafuta sifa iliyojificha ndani yake. Si mara zote inakuwemo, lakini imenilipa.

Halafu lile treni, luddfiltret. Kamusi ya simu ilikataa. Dawa ni kulikata na kulisoma kuanzia nyuma, ukitia -a ya uhusiano: filtret, chujio, ludd, nyuzinyuzi. Chujio la nyuzinyuzi. Sjukhus, nyumba ya wagonjwa. Tandläkare, daktari wa meno. Sköldpadda nililicheka peke yangu jikoni: chura wa ngao, yaani kobe! Behewa la mwisho ndilo lenye mamlaka, na ndilo linaloamua kama neno ni la en au la ett, ngeli za Kiswidi. Ett filter, kwa hiyo ett luddfilter. Na usiyaachanishe mabehewa. Rökfritt ni mahali pasipovutwa sigara. Ukiandika rök fritt, umewaambia watu wavute watakavyo.

En na ett huwaliza wanafunzi wengi. Mimi nilizipokea kama ngeli mbili tu, nikashukuru. Mtu aliyekua akisema kikombe kikubwa, vikombe vikubwa, jiwe kubwa, mawe makubwa, atatishwa na stor na stort? Kinachouma ni kwamba hakuna dalili usoni mwa neno. Ki- inajitangaza, filter haijitangazi, unaikariri pamoja na ett yake au unaumia baadaye. Kisha hiyo ett inajibandika nyuma neno linapojulikana: filtret, lile chujio tunalolizungumzia, na e moja inadondoka njiani.

Mama alipopiga simu nilimsimulia.

“Yaani wiki mbili unasoma karatasi ya kugombezwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hilo chujio umeshalisafisha?”

Hapo sikuwa na jibu. Nilishuka siku ileile. Chujio liko sehemu ya chini ya mlango, unalivuta, na nyuzinyuzi zinatoka zimeshikana kama kipande cha blanketi la kijivu. Karatasi ilikuwa bado ipo. Nikaona adabu inataka nijibu, na nijibu kwa Kiswidi.

Nikaandika nyumbani kwanza: “Det var jag, men nu jag har tömt den.” Nilikusudia: ni mimi, lakini sasa nimelisafisha. Nikaipeleka darasani. Mwalimu akaweka duara mbili. Men haikalii kiti, alisema, ni kama mtu aliyesimama mlangoni. Nu ndiyo ya kwanza, basi har inafuata, nu har jag. Na chujio ni ett, kwa hiyo si den, ni det. Makosa mawili, yote ya vitu nilivyokuwa nimejigamba kuvijua.

Kisha akaniuliza kama nina hakika ni mimi. Nikamwambia hakika kamili sina. Akaongeza neno moja dogo, nog. Kwenye kamusi nog ni “inatosha”, lakini likikaa karibu na kitendo ni “nadhani”, “huenda”, na Waswidi wanalinyunyiza kila mahali kama sisi na “labda”. Unakiri bila kupiga magoti.

Sahihi ndiyo niliyoibuni mwenyewe. Karatasi za tvättstuga hutiwa sahihi kwa mkwaju mdogo na jina. Nikabandika yangu chini ya ile ya kwanza:

Det var nog jag, men nu har jag tömt det. /Någon

Wiki iliyofuata niliposhuka na kapu, zote mbili zilikuwa bado zipo. Chini ya yangu, kwa kalamu ileile ya wino mzito, palikuwa na neno moja, safari hii bila alama ya mshangao: Tack. Ahsante.

Nikafungua mashine. Chujio lilikuwa limejaa.