Kiko kinachokoroma: nilivyochagua bori la tumbaku ya manukato

Tumbaku ya manukato, ile iliyotiwa vanila, cheri au karameli, ina tabia moja inayoamua mambo yote: ina unyevu mwingi. Hutiwa sukari, tena huongezwa propilini glikoli isikauke, ndiyo maana hata ukiianika mchana kutwa bado inanata vidoleni. Ikishika moto inatoa mvuke, na mvuke huo ndio unaobabua ulimi. Hapa Mtwara mvua zikishaanza, mwezi wa Desemba hivi, hewa yenyewe inairudishia maji uliyoyatoa. Kwa hiyo sikuanza na uzuri wa kiko. Nilianza na swali: maji yatakwenda wapi?

Bori, yaani kile kikombe cha kiko kinachotiwa tumbaku, likiwa pana na fupi, lenye kipenyo cha milimita 22 na zaidi, niliachana nalo mapema. Moto unatanda eneo kubwa, vanila inaisha dakika chache za mwanzo, halafu unabaki unavuta joto tupu. Hilo linafaa michanganyiko mikavu yenye Latakia, tumbaku iliyokaushwa kwa moshi. Jembamba na refu sana nalo lina kasoro yake: mvuke unashuka chini na tumbaku ya mwisho inageuka tope lisiloshika moto. Nikatulia katikati: kipenyo milimita 18 au 19, kina 32 hadi 36, ukuta usiopungua 6. Ndani liwe limechongoka kuelekea chini, kama karatasi ya karanga iliyosokotwa, lisiwe bapa kama kikombe. Kule kwenye ncha hukaa tumbaku kidogo, basi hata ikilowa hasara ni ndogo.

Kiko kilichopinda kinakaa vizuri mdomoni, lakini maji hujikusanya kwenye kiwiko na kiko kinaanza kukoroma kama mwenye mafua. Kilichonyooka unapitisha unyoya wa kuku kwenye shilamu (bomba la kuvutia) katikati ya kuvuta, unatoka umelowa, unaendelea. Unyoya huohuo ndio kipimo changu kabla ya kutoa pesa. Ncha ikichomoza usawa wa sakafu ya bori, sawa. Ikichomoza milimita 3 juu yake, kirudishe: hapo patakuwa na dimbwi kila siku.

Huku kwetu kishawishi ni mpingo, na wachongaji wapo. Kitang'aa kweli. Ila mpingo ni mzito hadi unazama majini, una mafuta yake, na haunywi unyevu. Maji yote yatabaki ndani ya bori. Ukiupenda mno, fundi aufanye pete ya shingoni tu.

Mimi nilichagua gunzi la muhindi. Viko hivi vinatengenezwa Missouri, Marekani, tangu 1869, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na brayari, ambayo ni fundo la mzizi wa Erica arborea wa pwani za Mediterania. Gunzi linanyonya maji, na likishashika harufu halikuumizi moyo, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Brayari ukiivutia cheri, tumbaku yoyote itakayofuata itanukia cheri. Usijaribu gunzi la shambani kwako. Yale huchaguliwa mbegu yenye gunzi nene na gumu, kisha hukaushwa muda mrefu. La kawaida ni laini, moto utalitoboa ubavuni.

Umbo peke yake haliponyi tumbaku mbichi. Wakati wa kusi naitandaza kwenye sahani nusu saa. Mvua zikiwepo, saa mbili hazitoshi, naisogeza karibu na jiko la mkaa linalozimika (lisiwe limetoka kukaanga samaki). Bana kidogo kati ya vidole viwili kisha achia: ikifumuka polepole, tayari, ikibaki donge, bado. Ijaze kwa kulegeza, hewa ipite bila kulazimisha. Washa mara ya kwanza, gandamiza kidogo sana ile inayovimba juu, washa tena. Vuta taratibu, kama unavyofyonza chai ya moto. Ikizimika iache ipoe uwashe upya. Kuikimbiza kwa pumzi ndiko kunakoleta mvuke.

Usichomoe shilamu kiko kikiwa cha moto, shingo italegea. Mwaga majivu, pitisha unyoya mkavu, kisha kipumzishe siku mbili. Kipindi cha mvua nakipa tatu, na chenyewe nakilaza bori likitazama chini.