"Ni mawazo tu"

Mwaka jana nilijikata kidole na mfuniko wa kopo, jeraha dogo, hata kushonwa halikuhitaji, nikabandika plasta nikaendelea na shughuli zangu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, kila nikibandua plasta nakuta hali ile ile, kingo zimekuwa nyeupe kama zimelowekwa, katikati pekundu, maji yakigusa panachoma. Kipindi hicho namuuguza mama, ana ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, usiku anaamka mara nne mara tano anatafuta mlango wa nyumba tuliyohama zamani sana, na mimi usingizi wangu ni wa vipande vipande. Nikaenda kupima nikihofia kisukari, sukari iko sawa, nikaambiwa "ni mawazo tu hayo, jitahidi usiwaze sana". Jamani hilo neno "tu" liliniuma kuliko kidole, maana ni kama nimeambiwa sina kitu, nimejitungia.

Ndo nikaanza kusoma, na nikakuta kumbe watu walishahangaika na hili swali muda mrefu. Mwaka 1936 daktari mmoja anaitwa Hans Selye, akiwa Montreal Kanada, aliandika kuhusu panya wake aliowatesa kwa njia tofauti tofauti, wengine baridi, wengine kuchoshwa kupita kiasi, wengine madawa, na kila alipowapasua akakuta mambo yale yale matatu: tezi zilizokaa juu ya figo zimevimba, viungo vinavyotengeneza kinga ya mwili vimesinyaa, na tumbo lina vidonda. Mateso tofauti, mwili unajibu kwa namna moja. Akasema mwili kwanza unashtuka, halafu unajikaza unavumilia, halafu ukikaa humo muda mrefu unachoka kabisa.

Inavyokwenda ni hivi. Ubongo ukiona hatari, neva zinazipigia simu hizo tezi za juu ya figo zimwage adrenalini, hapo ndo moyo unadunda, presha inapanda, viganja vinatoka jasho. Hiyo ni ya sekunde. Halafu kuna njia ya pili ya polepole, haipothalamasi iliyoko ndani ya ubongo inaituma tezi iliyo chini yake, nayo inatuma ujumbe kwa damu mpaka kwenye zile tezi za figo, inatoka homoni inaitwa kotisoli. Kotisoli inapandisha sukari kwenye damu ili upate nguvu, na inatuliza kinga. Kwa nusu saa ya kukimbia mbwa ni msaada mkubwa sana, shida ni pale mbwa haondoki miezi minane. Na jeraha ili lianze kupona linahitaji kwanza ule uvimbe na wekundu, zile seli nyeupe zikiitana zije kusafisha, sasa kama mwitano wenyewe umenyamazishwa kazi inaanza kwa kuchelewa.

Hapo nikakutana na utafiti ulionifanya nikae chini kabisa. Mwaka 1995 kule Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wanauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, yaani mimi kabisa, wakawalinganisha na wengine 13 wasiouguza mtu, wote wakatobolewa kijeraha cha milimita 3.5 mkononi. Waliokuwa wanauguza walichelewa kupona kwa wastani wa siku 9 hivi. Kijeraha kile kile. Nilisoma mara mbili huku nakitazama kidole changu.

Lakini usidhani ni homoni peke yake, kichwa nacho kina sehemu yake kubwa. Mtafiti mmoja, Jay Weiss, alifanya jaribio la panya wanaopigwa shoti mikiani, shoti ile ile, nguvu ile ile, wakati ule ule, tofauti ni kwamba mmoja anasikia mlio kabla ya shoti na mwenzake milio inalia ovyo tu haimwambii kitu. Aliyekuwa anajua lini shoti inakuja alipata vidonda vya tumbo vichache kuliko mwenzake kwa mbali. Umeme ni mmoja, matumbo mawili tofauti! Mwanasaikolojia Richard Lazarus yeye alilieleza kwa upande wa binadamu, kwamba akili inajiuliza je hili litaniumiza, na je nina cha kufanya nalo, na majibu ya hayo maswali ndo yanaamua mwili utashtuka kiasi gani. Mimi kilichokuwa kinanimaliza siyo kuamka, ni kulala nikiwa nimetega sikio bila kujua ataamka saa ngapi.

Sasa naomba pia tusiende upande wa pili tukaita kila kitu stresi. Vidonda vya tumbo kwa binadamu vilisingiziwa mawazo miaka na miaka, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kuna bakteria, Helicobacter pylori, wakapewa Nobel mwaka 2005, na leo watu wanatibiwa kwa antibayotiki. Wengi wanao huyo bakteria na hawapati vidonda, kwa hiyo bado kuna mengine yanachangia, ila fikiria mgonjwa aliyeambiwa apunguze mawazo wakati dawa ingemponya. Ukiumwa pima kwanza, tafadhali.

Nilimwambia dada yote haya, tukapanga yeye alale kwa mama Jumanne na Ijumaa, bila kubadilisha badilisha. Usiku wa kwanza nililala masikio yakiwa bado yametegwa, wa tatu ndo nililala kweli mpaka jua likanikuta. Kidole kilifunga wiki ya sita, kimeacha mstari mweupe. Mama bado anaamka, juzi saa tisa usiku kaniuliza tena mlango uko wapi, nikamshika mkono tukaenda kuutafuta wote.