Ninavyoondoa mianya kwenye maandishi yaliyonyooshwa pande zote mbili

Ctrl+J ya Word haina uchawi. Inachukua nafasi iliyobaki mwishoni mwa mstari na kuigawa kati ya maneno mpaka mstari uguse pambizo ya kulia. Kiswahili ndicho kinachoumia, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Kwenye karatasi ya A4 yenye safu mbili, safu moja ina upana wa sentimita 7.3 hivi, kwa Times New Roman ya 12 yanaenea maneno matano au sita tu. "Yaliyotayarishwa" peke yake linakula karibu sentimita 3. Likikosa nafasi likashuka, pengo hilo linagawanywa kwenye mianya minne, na nafasi ambayo kawaida ni milimita 1 inaweza kufika 7 au 8.

Kabla ya kugusa neno lolote, huwasha alama zilizofichika kwa Ctrl+Shift+8 (LibreOffice ni Ctrl+F10), kwa maana maandishi yaliyopita kwenye barua pepe au PDF huja na takataka nyingi. Mshale uliopinda ni Shift+Enter: mstari unaoishia hapo hunyooshwa hata ukiwa na maneno matatu. Nafungua Ctrl+H (tafuta na ubadilishe), kisanduku cha juu naandika ^l, yaani mshale huo uliopinda, cha chini ^p, yaani mwisho wa aya, nabadilisha zote.

PDF ina ugonjwa wa kinyume. Mara nyingi kila mstari huja kama aya kamili, na kwa kuwa mstari wa mwisho wa aya haunyooshwi, Ctrl+J inaonekana kama haifanyi kazi. Hapo nabadilisha mara tatu, kwa mpangilio huu: ^p^p iwe ### (alama ya muda tu), kisha ^p iwe nafasi moja, kisha ### irudi kuwa ^p. Ukiruka hatua ya kwanza, hati nzima inakuwa aya moja. Njia hii inahitaji aya zitenganishwe na mstari mtupu. Kama hazikutenganishwa, hakuna njia ya mkato, ni kupitia kwa macho.

Kiduara kidogo katikati ya maneno ni nafasi isiyokatika. Ikijazana, maneno yanashikana na kushuka pamoja. Nabadilisha ^s, ambayo ndiyo nafasi hiyo, iwe nafasi ya kawaida, halafu nairudisha kwa Ctrl+Shift+Space pale inapostahili tu, kama "Sh 5,000" au "uk. 12". Nafasi mbili ziwe moja. Narudia mpaka Word iseme imebadilisha 0.

Waliozoea Google Docs wajihadhari: kule Ctrl+Shift+J ndiyo ya kunyoosha, lakini Word huitumia kutawanya, ikivuta hata mstari wa mwisho na kuachanisha herufi. Bonyeza Ctrl+J, itarudi sawa.

Mianya itakayobaki sasa ni ya maneno marefu. Ukataji wa maneno ambao Word huufanya yenyewe mwishoni mwa mstari (hyphenation) nimeuzima. Lugha ya hati ikiwa imewekwa Kiingereza, maneno hukatwa kwa kanuni za Kiingereza, na "nyum-ba" inachukiza kuisoma. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia na irabu, kwa hiyo nakata baada ya irabu: nyu-mba, ku-ta-nga-za, ng'o-mbe. Sigawi ch, sh, ny, ng', mb wala nd, na siachi "m" ya "mtumishi" ikining'inia peke yake. Maneno ya kukopa kama "dak-ta-ri" na "lab-da" yana mkato wao.

Naweka kishale katikati ya neno na kubonyeza Ctrl pamoja na kistari. Hicho ni kistari cha hiari: huonekana neno likikatika tu. Kistari cha kawaida usikitumie, maana ukiongeza sentensi moja juu utakuta "yaliyo-tayarishwa" katikati ya mstari. Kwa neno linalojirudia, Ctrl+H tena: juu "yaliyotayarishwa", chini "yaliyo^-tayarishwa" (^- ndiyo kistari cha hiari). Sihitaji kukata kila neno. Naanza juu ya ukurasa na kugusa mistari yenye mianya pekee, kwa sababu mkato mmoja mara nyingi hupanga upya aya yote iliyo chini yake.

Visanduku vya majedwali na orodha ya marejeo yenye anwani ndefu za tovuti sivinyooshi kabisa. Hivyo navirudisha kushoto kwa Ctrl+L.