Kuandika kinyume Biashara Street

Leo Jumapili nimekwenda kufuta maandishi ya dirishani. Kufuta nako ni kazi, tena ina bei yake, ingawa wenye maduka hupenda kusahau kwamba tulipatana. Dirisha lenyewe ni la duka la sare za shule pale Biashara Street. Maandishi niliyaandika mwenyewe wiki ya kwanza ya Januari, wakati kila mzazi Nairobi anatafuta sweta na soksi huku mfuko ukiwa bado unauguza Krismasi.

Duka hili nalipenda kwa sababu lina kioo kipana kisicho na chuma katikati. Vioo vya aina hiyo vinapungua mjini. Baada ya maandamano ya Juni 2024, na tena ya Juni 2025, wenye maduka wengi waliita mafundi wa kuchomelea wakazibiwa mbele kwa mabati. Nimeandika TUKO WAZI juu ya mabati zaidi ya mara moja. Nusu saa umemaliza, unalipwa, unaondoka. Lakini utamu wake mdogo sana.

Utamu uko kwenye kioo, na hasa ukiandika kwa ndani, ambako mvua haifiki wala vidole vya wapita njia. Kwa ndani unaanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi umeigeuza. Rangi nazo unazipindua: mstari mweusi wa pembeni ndio wa kwanza, halafu manjano, na mwisho kabisa nyeupe ya kufunika mgongo wote ili ile manjano ing'ae. Rangi ni ya maji, hii hii ya ukutani, nayo naitia tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili ishike vizuri na siku ya kutoka isilete ubishi. Ukishapiga nyeupe, wewe uliye ndani huoni tena ulichoandika. Anayeona ni wa barabarani.

Kuna maneno yenye huruma. MITUMBA, kwa mfano: M, I, T, U, M, A, zote zinafanana ukizitazama mbele au nyuma; ni B peke yake ya kuchunga. Ningekuwa na wateja wa mitumba watupu ningezeeka vizuri. Sasa chukua SARE ZA SHULE. Herufi 11, na zisizo na ubaya ni nne tu: A mbili, H na U. Zilizobaki zote zinakungoja uteleze.

Niliteleza kwenye S ya SHULE. Ile ya SARE nilikuwa nimeigeuza sawasawa, nikaridhika, na hapo ndipo mkono ulipojiendea wenyewe. Nikapiga nyeupe, nikaanza kuosha brashi. Mara mama mwenye duka akaniita.

"Fundi, hebu kuja hapa nje."

Nje alikuwa amesimama na mteja mwenye mtoto wa kama miaka saba. Mtoto ndiye aliyesema, bila hata dharau: "Hiyo S imeangalia huko." Akaonyesha kwa kidole. Mama yake akamvuta mkono anyamaze, jambo lililonifedhehesha zaidi.

"Pole mama, nairekebisha sasa hivi," nikamwambia mwenye duka.

"Sasa hivi na watu ndio hao wamejaa dukani?"

Nikarudi ndani nikapenya katikati ya wazazi na mifuko yao, nikachukua wembe. Kanuni ya kwanza ya kukwangua ni kulowesha kioo, maana chembe moja ya mchanga chini ya wembe mkavu inatosha kuchora. Naijua kanuni hiyo kama jina langu. Sikulowesha. Nilikwangua S kavu kavu, nikaiandika upya, na jioni mama mwenye duka akanikata mia mbili. Sikubisha. Vijana wa stika kule River Road wana mashine ambayo neno zima inaligeuza kwa kubofya mara moja, na mama anawajua.

Leo nimelowesha vizuri. Nyeupe ilitoka kwanza, ikifuatwa na manjano, kisha ule weusi ukajikunja kwenye wembe kama ganda la kitunguu. Ndoo ikawa na maji ya rangi ya uji. Nilipokausha kioo kwa gazeti na jua kuingia, nikauona: mkwaruzo mwembamba wenye umbo la tao, pale pale S ilipokuwa. Nikaupapasa kwa ukucha. Ukucha ukakwama.

Mama alikuwa kwenye kaunta akihesabu sketi zilizobaki. Nikaisogeza sanamu ya dirishani, ile yenye sweta ya kijani, mpaka bega lake likauziba.

"Fundi, mbona umeigeuza hiyo sanamu?"

"Hapa inaonekana vizuri zaidi, mama."

Akaitazama kidogo, akarudi kwenye sketi zake. Pasaka ananiita tena.